UZI: Wanamaabara wakiugua saratani mmoja baada ya mwingine kwenye kitengo kimoja, uchunguzi unaanzia wapi?

Mpima Hewa (Iringa), mleta uzi

Kamwene wakuu, na wa Mbeya na Njombe salaam.

Swali hili linaulizwa sana na wanamaabara wa Nyanda za Juu Kusini, wa hospitali, wa vituo vya utafiti na wa udongo na mazao. Kitengo kimoja, watu wanne au watano, saratani ndani ya miaka michache. Uongozi unasema ni mipango ya Mungu, wafanyakazi wanasema ni kemikali. Kubishana hakutoi jibu. Kuna utaratibu wa kufuata, nauweka hapa, na wenye ujuzi wa maabara zao waongezee.

Mrundikano wa saratani ni wagonjwa wengi kuliko waliotarajiwa, wa saratani ya aina moja au za aina zenye chanzo kinachofanana, katika kundi la watu linalojulikana, mahali panapojulikana, ndani ya kipindi kinachojulikana. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, hakuna cha kuhesabu.

Kazi ya kwanza ni kuthibitisha kila mgonjwa. Tengenezeni jedwali lisilo na majina, kila mtu na namba yake: jinsia, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuanza kazi, vyumba alivyofanyia kazi na miaka yake, tarehe ya kugunduliwa, kiungo saratani ilikoanzia, majibu ya kinyama (kipande cha tishu kilichokatwa kupimwa), na hospitali iliyoyatoa. Orodha inayoambatanisha majina na namba ikae kwa mtu mmoja tu, ikiwezekana daktari wa afya kazini, tena nje ya ofisi ya utumishi.

Hapa ndipo orodha nyingi hupungua, na kuna sababu. "Uvimbe" unaosemwa kwenye korido unaweza kuwa uvimbe wa kawaida wa kizazi. Rovu, ambalo huku kwetu milimani lilikuwa la kawaida kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, si saratani ya tezi mpaka kinyama kiseme hivyo. "Saratani ya ini" inaweza kuwa imesambaa kutoka tumboni au kwenye titi, na kinachohesabiwa ni mahali ilipoanzia. Wapo pia waliotibiwa kwa kuangalia picha tu, bila kinyama. Hao waandikwe kwenye safu yao, hesabu ifanyike pamoja nao na bila wao. Na aliyegunduliwa kabla ya kuajiriwa, au miezi minne baada ya kuajiriwa, huyo si wa maabara hiyo.

Muda nao una maana. Leukemia, yaani saratani ya damu, inayotokana na benzini au mionzi inaweza kuonekana kuanzia miaka 2 hivi baada ya mtu kukutana nayo. Vivimbe vigumu vya mapafu, kibofu au titi kwa kawaida huchukua miaka 10 na zaidi. Mesothelioma ya asbestosi (saratani ya utando wa mapafu) huchukua 20 mpaka 40. Kwa hiyo mtu mwenye saratani ya kibofu aliyeanza kazi miaka mitatu iliyopita aulizwe kwa makini sana alifanya wapi kabla ya hapo.

Halafu wale wanaosahaulika: wafagizi, wafua makoti, waosha vyombo, walinzi waliolala jengo la stoo, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na wa mikataba ya miradi. Mradi ukiisha watu husambaa, na ukiwahesabu waliobaki tu utapata picha ya walio hai na wenye nguvu. Tumieni orodha za mishahara za miaka yote, na kumbukumbu za michango ya NSSF na PSSSF.

Takwimu Sisimba (Mbeya)

Ndaga fijo kwa uzi huu. Nachukua upande wa hesabu, maana hapo ndipo vikao vingi huvunjika.

Usihesabu watu tu, hesabu miaka ya watu. Aliyekuwepo Januari 2010 mpaka Desemba 2016 anatoa miaka 7. Ukiendelea kumfuatilia baada ya kuondoka, miaka hiyo nayo inaingia, na saratani yake ikitokea inaingia pia. Huwezi kuchukua ugonjwa wa mstaafu ukaiacha miaka yake ya ustaafu. Kosa hilo peke yake linatosha kuzaa mrundikano ambao haupo.

Mfano wa kujifunzia, si wa maabara yoyote. Kituo kina jumla ya miaka-watu 1,800. Tuseme kwa umri na jinsia ya watu wake, kiwango cha saratani zote ni 120 kwa watu 100,000 kwa mwaka. Wanaotarajiwa ni 1,800 × 120 ÷ 100,000, sawa na 2.16. Waliopatikana ni 5. Uwiano ni 5 ÷ 2.16, yaani 2.3. Mtu akiona "mara mbili na zaidi" anapiga simu kwa mwandishi wa habari. Lakini kwa wagonjwa 5, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ya Poisson (kanuni ya kuhesabu matukio machache) ni 1.62 na 11.67, gawanya kila moja kwa 2.16, unapata 0.75 mpaka 5.4. Ndani ya mipaka hiyo mna 1, yaani hakuna ongezeko, kwa hiyo bahati haijaondoka mezani. Uwezekano wa kupata 5 au zaidi kwa bahati tu hapo ni kama 7 katika 100. Zikiwepo sehemu za kazi 200 za ukubwa huo nchini, kama 14 zitafikia idadi hiyo bila sababu yoyote.

Sasa kituo hichohicho, leukemia peke yake. Tuseme kiwango ni 4 kwa 100,000. Wanaotarajiwa ni 0.072. Wakipatikana 2, uwiano ni karibu 28, na mpaka wa chini ni 3.4. Leukemia mbili zina uzito kuliko saratani tano mchanganyiko. Ndiyo maana nasisitiza kutenganisha aina. Ila aina itajwe kabla ya kuhesabu, kwa kuangalia kemikali zilizopo. Ukijaribu aina thelathini mojamoja, moja itang'aa yenyewe.

Kiwango cha kulinganishia mtakitoa wapi? Wengi huanza na makadirio ya GLOBOCAN yanayotolewa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon; yamegawanywa kwa jinsia na umri. Tatizo ni kwamba mwanamaabara ana bima, yuko hatua chache kutoka kwa daktari, na anapimwa mapema. Mkulima wa Ileje anaweza kufa na saratani bila kuandikwa popote. Kwa hiyo kiwango cha taifa kinaweza kuwa chini ya hali halisi, na kituo chenu kikaonekana kibaya kuliko kilivyo. Rudieni hesabu mkiwa mmezidisha wanaotarajiwa mara mbili. Katika mfano wangu wanakuwa 4.32, uwiano unashuka mpaka 1.16. Kwa leukemia mbili, hata ukizidisha mara mbili mpaka wa chini bado ni 1.7. Matokeo yanayosimama baada ya jaribio hilo ndiyo ya kukimbilia.

Upande wa pili, aliyeajiriwa huwa na afya kuliko wastani wa wananchi, na hilo linaweza kuficha ongezeko la kweli. Ikiwezekana, ongezeni ulinganisho wa ndani: waliofanya kazi ya mezani dhidi ya walioshika kemikali, kituo kilekile, bima ileile.

Msomaji Makambako

Mkuu, kwa hiyo mtu aje na wagonjwa watano aambiwe ni bahati? Familia zitaelewaje?

Takwimu Sisimba (Mbeya)

Hapana ndugu yangu. Hesabu inajibu swali moja tu: je, idadi hii inazidi? Haisemi chumba ni salama. Chumba kinaweza kuwa na hewa mbaya sana na idadi isizidi, kwa sababu watu ni wachache au muda haujatosha. Ndiyo maana upande wa hewa na kemikali unakwenda sambamba, hausubiri hesabu yangu.

Na kuna jambo la huku kwetu lazima liingie. Kwa utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Saratani ya Kaposi, limfoma (saratani za tezi za limfu) zisizo za Hodgkin na saratani ya shingo ya kizazi huongezeka sana kwa wenye VVU. Zikitokea kitengoni, zitazamwe peke yake kwanza. Hali ya VVU ya mtu isiandikwe kwenye jedwali la kamati hata siku moja. Daktari aliyeshika namba anatosha kusema "hizi tatu tuzitenge".

Mama Patholojia

Niongelee chumba cha tishu, maana ndicho kinachotajwa kwanza.

Formalini ya stoo ni maji yenye formaldehaidi asilimia 37 mpaka 40. Ile ya kuhifadhia vinyama, "asilimia 10", ina formaldehaidi karibu asilimia 4. IARC imeiweka kundi la 1, yaani imethibitika kuleta saratani kwa binadamu, kwa saratani ya nyuma ya pua na leukemia. Haijahusishwa na titi wala tezi dume, kwa hiyo msiitwishe kila mgonjwa. Zailini iko kundi la 3, yaani ushahidi wa saratani hautoshi. Inaumiza kichwa na mishipa ya fahamu, lakini kwenye jedwali hili si mtuhumiwa wa kwanza.

Wingi wa mvuke hautoki pale watu wanapodhania. Kukata kinyama kidogo mezani si kubaya kama kumwaga ndoo za vinyama vya zamani kwenye sinki, kuchanganya formalini ya lita 20 kwa mkono, na kufungua kabati la vielelezo lililofungwa wiki nzima. Kazi hizo ni za dakika 10 mpaka 20, na wastani wa saa 8 unazificha. Pimeni kazi yenyewe kwa dakika 15.

Pua isitumike kama kipimo. Anayekaa humo siku nzima haisikii tena, na mgeni anatoka machozi mlangoni.

Mpima Hewa (Iringa)

Mama amesema kweli. Nieleze upimaji wenyewe.

Kwa formaldehaidi hutumika vijiti vya silika vilivyopakwa DNPH (kemikali inayoinasa), pampu ndogo inayovaliwa kiunoni, na mpira unaofika kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Kwa dakika 15 weka lita 0.2 kwa dakika, upate lita 3 za hewa. Kijiti kizibwe, kifunikwe kwa karatasi ya fedha kisipigwe na mwanga, kiingie kwenye kisanduku cha baridi. Kila kundi la vijiti liwe na viwili au zaidi vilivyofunguliwa na kuzibwa papo hapo bila kuvuta hewa. Visipokuwepo, hamtajua uchafu umetoka chumbani au njiani. Pampu ipimwe mwendo kabla na baada. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo itupwe.

Kosa la huku kwetu ni mwinuko. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 82 au 83, siyo 101. Mita ya mtiririko yenye mpira unaoelea, iliyopimwa usawa wa bahari, itakudanganya. Pima mwendo hapohapo mtakapofanyia kazi. Na kugeuza miligramu kuwa ppm (sehemu kwa milioni), msichukue namba ya kitabuni ya 1.23 kwa formaldehaidi. Kwa Mbeya, nyuzi 25, ppm moja ni kama miligramu 1.0 kwa mita ya ujazo. Ukitumia 1.23 unapunguza matokeo kwa karibu moja ya tano, na unaweza kuivusha sampuli iliyopaswa kufeli.

Vikomo vya kulinganishia: sheria ya Marekani ni ppm 0.75 kwa saa 8 na ppm 2 kwa dakika 15. Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani linaweka miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa dakika 30, ambayo ni kali zaidi. Mimi naitazama hiyo ya pili, kwa sababu kwa kitu cha kundi la 1 kutosheka na kikomo cha juu si uungwana.

Pimeni mara mbili kwa mwaka, na mojawapo iwe Juni au Julai. Baridi ya Mafinga na Mbeya ikishika, madirisha yote hufungwa, na chumba kilichofaulu Oktoba kinakuwa kitu kingine kabisa.

Makohozi LED

Kwa wenzangu wa kifua kikuu. Tunajilinda na vijidudu vizuri mpaka tunasahau rangi.

Auramini iko kundi la 2B, yaani huenda inaleta saratani, na kazi ya kuitengeneza kiwandani iko kundi la 1 kwa saratani ya kibofu. Fuksini tunayotumia kwa Ziehl-Neelsen (njia ya kupaka rangi vijidudu vya kifua kikuu) ina magenta, nayo ni hivyohivyo: rangi 2B, utengenezaji kundi la 1. Lita moja ya auramini ya asilimia 0.1 inataka gramu 1 ya unga na gramu 30 za fenoli. Lita ya fuksini ya asilimia 1 inataka gramu 10 za unga na gramu 50 za fenoli. Kiasi ni kidogo, na hatari iko kwenye kupima unga mkavu mezani feni ikizunguka. Zimeni feni. Mkiweza nunueni maji yaliyokwisha kutengenezwa. Kama ni lazima unga, mchanganyaji apime chupa tupu yenye mfuniko, aongeze unga ndani ya kabati la mvuke (linalovuta mvuke na kuutoa nje), afunge, apime tena nje, kisha atie alkoholi kwenye chupa ileile. Unga hautoki tena.

Jambo la pili ndilo naliona kila mahali likichanganywa. Kabati la usalama wa kibayolojia si kabati la mvuke. Chujio lake linashika chembechembe na bakteria. Mvuke wa formalini, fenoli au klorofomu unapita kama hakuna kitu, na kabati la aina ya A2 linarudisha hewa hiyo chumbani. Ukikuta watu wanachanganya fenoli humo kwa miaka, andika kwenye jedwali la kazi kwamba walikuwa bila kinga. Wengi watajaza "ndiyo, nilitumia kabati", na uchunguzi mzima utapotoka.

Fundi Udongo (Uyole)

Sisi wa udongo na mazao tunasahaulika kwa sababu hatuna harufu ya hospitali.

Kupima kaboni ya udongo kwa Walkley-Black: kila sampuli inachukua mililita 10 za daikromati ya potasiamu na mililita 20 za asidi kali ya sulfuriki. Lita moja ya daikromati ina gramu 49.04 za unga. Msimu wa sampuli ukija, sampuli 100 ni lita nzima ya daikromati na lita 2 za asidi. Kromiamu ya namna hiyo ni kundi la 1 kwa saratani ya mapafu, na ukungu wa asidi kali ni kundi la 1 kwa koo la sauti. Mara nyingi kinachokosewa ni hiki: asidi inamiminwa kwa mkupuo, chupa inachemka, ukungu unapanda, na mtu ameinamia meza kusoma namba ya sampuli. Imiminwe ndani ya kabati la mvuke, mtu amesimama wima, namba zimeandikwa kabla.

Mabaki ya daikromati yasiende shimoni yakiwa ya machungwa. Yatiwe feri salfati yakiwa bado na asidi mpaka yageuke kijani, kisha chokaa mpaka pH 8 au 9, tope litulie, ndipo muongee na watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu kulitoa.

Aflatoksini, sumu ya kuvu kwenye mahindi, nayo ni kundi la 1, kwa ini, na mwenye homa ya ini B hatari yake inazidishwa. Wanaopima aflatoksini wachanjwe. Hatari kubwa ni vumbi la kusaga sampuli, kuliko chupa ndogo ya kipimo ambayo kila mtu anaiogopa. Mahindi yasagwe kwenye chumba chake, mashine yenye mfuniko, barakoa ya N95, na kufagia kwa kitambaa chenye maji. Vyombo viloweshwe kwenye jiki iliyozimuliwa mpaka asilimia 1 kwa saa 2, kisha iongezwe asetoni ifike asilimia 5 ya maji yote, nusu saa nyingine. Asetoni si pambo: jiki peke yake inaweza kuacha zao jingine lenye madhara.

Na tazameni droo za zamani. Nyavu za kuwekea bika juu ya moto, zenye duara jeupe katikati, za miaka ya nyuma zilikuwa na asbestosi. Zikianza kumeguka zifungwe kwenye mifuko miwili, ziwe zimeloweshwa. Hivyohivyo mapaa ya majengo ya zamani: hayana hatari kubwa yakiwa mazima, yana hatari fundi akipanda na msumeno.

Mpima Hewa (Iringa)

Hayo ya Fundi na Makohozi ndiyo yanayojaza jedwali la kazi na kemikali. Kila mstari ni kazi, siyo cheo: "kuchanganya fuksini", "kusaga mahindi", "kumwaga vinyama". Kila kazi iwe na miaka, mara ngapi kwa wiki, kiasi, na kinga iliyokuwepo mwaka huo. Msitegemee kumbukumbu za vichwa peke yake. Mgonjwa hukumbuka zaidi ya mzima, ni kawaida ya binadamu. Fungueni leja ya stoo. Leja inaonyesha benzini iliacha kununuliwa mwaka gani, na kama chupa za akrilamaidi zilikuwa za unga au za maji.

Kwa maabara za DNA: akrilamaidi ni kundi la 2A, yaani pengine inaleta saratani; ya unga ina vumbi, ya maji haina. Ethidiamu bromaidi haijawekwa kundi na IARC, ila inabadili vinasaba kwenye vipimo. Ishikwe kwa glavu za nitrili na maji yake yapitishwe kwenye mkaa. Msiitie jiki.

Penye mionzi, ombeni rekodi za beji zinazosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Wastani usizidi milisivati 20 kwa mwaka katika miaka mitano, na mwaka mmoja usizidi 50. Beji iliyokaa droo miaka miwili si ushahidi wa kutopata mionzi.

Dada wa Vwawa

Samahani, nina wazo tofauti. Mnasema kupima, jedwali, leja. Kabati la mvuke lisilovuta linajulikana leo. Kwa nini lisitengenezwe leo, watu waache kuvuta sumu wakati ninyi mnahesabu?

Sheria Ipogolo (Iringa)

Dada, nakubaliana na haraka yako, ila kuna mtego. Ukitengeneza bila kupima, ushahidi wa hali waliyofanyia kazi wagonjwa unapotea. Kesho mjane akidai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri ataonyesha kabati jipya na vipimo safi. Mfuko huo upo kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na ugonjwa wa kazini unahitaji kuunganishwa na kitu mtu alichokutana nacho. Orodha ya magonjwa ya kazini ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ya 2010 inataja benzini, kromiamu ya aina ya daikromati, asbestosi na mionzi, kwa hiyo msingi upo, lakini kipimo cha chumba ndicho kinachoupa nguvu.

Msimamo wangu: pima wiki hii, tengeneza wiki ijayo. Pampu ikikosekana, basi hata siku moja ya picha zenye tarehe, kasi ya hewa kwenye mlango wa kabati, na taarifa iliyosainiwa na mwakilishi wa usalama na afya. Baada ya hapo fundi aingie.

OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wajulishwe kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, inataka wafanyakazi wapimwe afya, na taarifa za kupimwa kabla ya kuajiriwa, kila kipindi, na wakati wa kuondoka zitawasaidia sana kwenye tarehe. Taarifa za ugonjwa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: idhini ya maandishi, na kwa aliyefariki, mzungumze na familia kwa heshima. Kwenye kituo cha watu 60, ukiandika "mwanamke, miaka 41, mpokea sampuli", umeshataja jina.

Mpima Hewa (Iringa)

Kasi ya hewa: mlango wa kabati ushushwe mpaka sentimita 45, pimeni sehemu tisa. Wastani uwe mita 0.4 mpaka 0.6 kwa sekunde. Chini ya hapo mvuke unarudi usoni. Ukizidi sana hewa inazunguka na kurudi pia, hilo watu hawalijui. Kama hamna kipima upepo, ondoeni vimiminika vyote vinavyoshika moto kwanza, kisha washeni udi mmoja ukingoni na mtazame moshi unaelekea wapi. Umeme ukikatika feni inasimama, na jenereta ya majokofu mara nyingi haijaunganishwa na feni hiyo. Ulizeni.

Msomaji Makambako

Kuna mahali duniani walichunguza hivi wakapata chanzo?

Takwimu Sisimba (Mbeya)

Mara chache sana. Mapitio yaliyotoka 2012 yalikusanya uchunguzi 428 wa mirundikano ya makazi nchini Marekani uliofanywa ndani ya miaka 20. Ongezeko lilithibitika kwa aina 72 kati ya 567 zilizotazamwa, na chanzo kilichokuwa wazi kilipatikana mara moja.

Kwa maabara, maarufu ni Institut Pasteur ya Paris, ambako mwaka 1986 saratani za watafiti vijana ziliibua hofu na kusababisha wafanyakazi wa maabara za baiolojia wafuatiliwe kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa na jengo lililotumiwa na Rutherford, lenye mabaki ya mionzi na zebaki. David Coggon alilichunguza, na ripoti yake ya 2009 haikuona uwezekano mkubwa kwamba mabaki hayo ndiyo yaliyowaua waliofanya kazi humo. Studio za ABC za Toowong, Brisbane, si maabara, ila zinafundisha: saratani ya titi ilizidi takriban mara sita, chanzo hakikupatikana, na 2006 shirika lilihama jengo. Uamuzi wa kuhama haukusubiri chanzo, na mimi nauona ulikuwa sahihi.

Makohozi LED

Swali la mwisho upande wangu. Wenzetu wawili wa kibofu, mmoja amekulia Kyela kandokando ya ziwa. Inabadilisha kitu?

Mama Patholojia

Inabadilisha. Kichocho cha mkojo ni kundi la 1 kwa saratani ya kibofu, na mwambao wa Ziwa Nyasa unacho. Ombeni patholojia isomwe upya, na muulize aina ya seli. Kichocho huelekea kuleta ya seli bapa, squamosi. Rangi na sigara huelekea ya urothelia, yaani ya utando wa ndani wa kibofu. Mara nyingine mayai ya kichocho yanaonekana kwenye kinyama chenyewe. Muulizeni pia sigara kwa miaka na idadi kwa siku. Kama vibao vya parafini (tishu iliyohifadhiwa kwenye nta) bado vipo hospitali iliyomkata, ombeni vikatwe tena sasa, kwa barua ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu havihifadhiwi milele.